Waliovuka Mbwaa na Wale Wasiotajwa

Kwa nini watu wazima, wenye akili zao na mifugo yao, huacha makaburi ya wazee wao wakavuka maji kwenda wasikokujua? Wanahistoria wa Uingereza wamelibishania swali hilo kwa vizazi kadhaa kuhusu wenzao waliokwenda Marekani katika karne ya 17. Wameru wa mashariki ya Mlima Kenya wanalo jibu la haraka kuhusu wao wenyewe: tulikimbia Nguo Ntuni.

Masimulizi hayo yanajulikana kuanzia Igembe hadi Imenti. Wazee walikuwa wakiishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, chini ya mabwana waliovaa nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatumikisha, kisha wakaanza kuwapa mitihani isiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Leteni ndama anayetoa kinyesi cheupe. Leteni mbwa mwenye pembe. Kila mara wazee walipata ujanja: walikata ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, yenye manyoya huku na huku, walimlisha ndama maziwa matupu, walibandika pembe za paa mdogo kwenye kichwa cha mbwa. Ndipo ukaja mtihani wa mkuki ambao mpini wake uko chini na ncha yake inagusa mbingu. Huo haukuwa na ujanja. Kiongozi wao, Koomenjwe, akawaondoa. Walipofika majini akayapiga kwa fimbo, yakapasuka. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukipambazuka wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limeshatoka wakawa Njeru, weupe. Hadi leo mzee wa Kimeru anaweza kukuambia ukoo wake uko katika kundi lipi kati ya hayo matatu.

Ni masimulizi mazuri mno, na uzuri wenyewe unanipa shaka. Katika usiku ule hakuna aliyekuwa na deni. Hakuna aliyekosana na kaka yake juu ya ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyesikia kwamba huko bara kuna mvua na msitu wa kufyeka. Wala hakuna mwenyeji wa Mbwaa aliyesema yeye habanduki. Watu wote waliondoka usiku mmoja kwa sababu moja. Uhamaji tulio nao kwenye hati na daftari, popote duniani, haufanani na huo hata kidogo.

Tuanze na mahali penyewe. Mtafiti Jeffrey Fadiman, aliyekaa na wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kumbukumbu zao, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, na safari yenyewe kwenye miaka ya 1700 hivi. Mkono wa bahari unaotenga Manda na bara, mlango wa Mkanda, ni mwembamba na hauna kina kirefu. Mtu wa Lamu haoni muujiza mkubwa hapo: maji yakipwa sana unapita, yakijaa unakwama. Kundi linalovuka usiku kucha, wa mwisho wakikutwa na jua, ni jambo ambalo mvuvi wa Shela angelielewa bila kuambiwa habari za fimbo.

Wengine hawakuridhika na Manda. Wapo wanaosema Nguo Ntuni walikuwa Waarabu, wapo wanaotaja Wareno, na mwandishi wa Kimeru Alfred M'Imanyara alivuka zaidi ya hapo akatafuta chimbuko la watu wake upande wa Misri. Ni rahisi kuona kilichowavuta wengi kwenda huko. Wamisionari wa Consolata na wa Methodisti walikuwa wameshaanza kazi Meru kufikia 1912. Sehemu kubwa ya masimulizi tunayoyasoma leo iliandikwa baada ya hapo, na watu waliokuwa wameshasikia habari za Musa, fimbo yake na Bahari ya Shamu. Sisemi kwamba Wameru waliiba hadithi ya Kutoka. Nasema kwamba mzee aliyekuwa na hadithi ya maji na fimbo, akasikia ya Musa kanisani Kaaga, alikuwa na kila sababu ya kuisimulia yake kwa sauti kubwa zaidi.

Pwani nayo ina sababu zake, ambazo hazihitaji mabwana wakatili. Kwenye Manda hiyo hiyo kuna magofu ya Takwa, mji wa mawe ulioachwa mwishoni mwa karne ya 17. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mawili: visima viligeuka chumvi, na wenyeji walikuwa na uhasama na mji wa Pate. Miaka hiyo pwani yote ilikuwa katika msukosuko. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, Wareno wakairudia kwa muda mfupi 1728, na miji ya visiwa vya Lamu ilikuwa ikiviziana. Mkulima mdogo asiye na ngome wala jahazi katika hali kama hiyo hangojei mtihani wa mkuki. Anaondoka kisima kinapoharibika, au shamba lake linapokuwa njia ya majeshi ya wengine.

Lugha nayo inaongeza ugumu. Kimeru ni ndugu wa karibu wa Kiembu, Kimbeere, Kikuyu na Kikamba. Udugu huo hauwezi kuzaliwa kwa watu waliofika juzi kutoka Lamu. Godfrey Muriuki, alipoandika historia ya Wakikuyu hadi 1900, aliwafuata mababu wa jamii hizi wakisambaa kutoka upande wa Igembe na Tigania kuelekea kusini, zamani kabla ya tarehe inayopewa safari ya Mbwaa. Kwa hiyo wengi wa mababu wa Wameru walikuwa tayari mlimani au kando yake. Ninavyoelewa mimi, kikundi fulani kilitoka pwani kweli, pengine kidogo, kikafika kati ya watu waliokuwepo, kikaoana nao, na baada ya vizazi vichache hadithi ya wachache ikawa hadithi ya wote. Wachuka na Watharaka, majirani wa kusini na mashariki, wana masimulizi yao ambayo hayakai sawasawa ndani ya hili la Mbwaa, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tusite.

Hapa ndipo Waingereza wanapotufaa.

Ukimuuliza Mmarekani wa kawaida kwa nini Waingereza walivuka Atlantiki, atakutajia meli ya Mayflower iliyofika 1620 na watu waliotaka kumwabudu Mungu kwa njia yao. Meli hiyo ilibeba abiria 102, na waliokuwa wa kundi hilo la dini hawakufika nusu yao. Wengine walikuwa watumishi, mafundi na watu wa kutafuta riziki. Tena hawakuwa wa kwanza: Jamestown, kule Virginia, ilikuwa na umri wa miaka 13, na ilianzishwa na kampuni ya wafanyabiashara waliotaka faida. Katika miaka ya 1630 watu kama 20,000 walikwenda New England, wengi kwa familia nzima, na dini ilikuwa na uzito wa kweli: Askofu Mkuu William Laud, aliyeshika cheo hicho 1633, aliwabana Wapuritani, Waprotestanti waliotaka kulisafisha Kanisa la Uingereza. Lakini sehemu walikotoka wengi wao, mashariki ya Uingereza, ndiko pia biashara ya nguo za sufu ilikokuwa imeanguka. Mfumaji aliyebanwa na askofu na soko kwa wakati mmoja alikuwa na sababu ya kumweleza mchungaji, na nyingine ya kumweleza mkewe.

Wengi zaidi hawakwenda New England kabisa. Katika karne hiyo Waingereza zaidi ya 100,000 walikwenda Virginia na Maryland, na visiwa vya Karibi viliwameza wengine wengi. Idadi ya watu Uingereza ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu kati ya 1520 na 1640. Mabwana wa ardhi walikuwa wakizungushia ua malisho yaliyokuwa ya kijiji kizima, na mshahara wa kibarua ulikuwa haununui mkate kama zamani. Nauli ya kuvuka ilikuwa pauni 5 au 6, fedha ambayo kibarua hakuweza kuiweka kando. Asiyekuwa nayo alitia sahihi mkataba: mwenye meli anamvusha, anamuuza mkataba wake kwa mwenye shamba la tumbaku, naye anatumika miaka minne hadi saba. Vijana hao ndio walikuwa wengi wa waliokwenda Virginia, na wengi walikufa kwa malaria na kuhara kabla mkataba haujaisha. Hawana sikukuu. Waliosherehekewa ni wa Mayflower, kwa sababu hadithi yao inaweza kubebwa na taifa, ilhali ya kijana aliyejiuza kwa miaka mitano akafa mwaka wa pili haimfai mtu yeyote kwa hotuba.

Mijikenda nao wana Shungwaya yao, nchi ya kaskazini walikofukuzwa, na mwaka 1972 mwanahistoria R. F. Morton alithubutu kusema kwamba hadithi hiyo ilipata sura yake ya sasa karne ya 19 ikielekea mwisho. Wasomi wengine, Thomas Spear akiwemo, wameitetea. Mabishano hayo hayajaisha, nami siyamalizi hapa. Ninachokiona ni kwamba sababu ya kuhama inayodumu midomoni si lazima iwe ile iliyowatoa watu wengi nyumbani. Inayodumu ni ile inayowawezesha wazao wa watu mbalimbali kukaa baraza moja. Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee lenye makao yake Nchiru, lisingeweza kuendeshwa kwa kumbukumbu kwamba ukoo huu ulikuja kwa njaa, ule kwa sababu ya mauaji, na wa tatu ulikuwapo tangu hapo na kunyang'anywa msitu.

Embu ni kinyume chake. Waembu husimulia juu ya Mwenendega na mkewe Nthara, na mahali pao panaonyeshwa karibu na Runyenjes, kwenye kichaka kilichokuwa kitakatifu. Hawakutoka popote. Jamii mbili zinazopakana, zenye lugha zinazosikilizana na miinuko inayofanana: moja inajitambulisha kwa safari, nyingine kwa kukaa. Sidhani tofauti hiyo inatokana na kwamba mababu wa Embu hawakuhama. Walihama, kama wote. Hadithi ya Mwenendega ni hati ya kumiliki. Inasema ardhi hii haikutwaliwa kwa mtu, na kwa hiyo hakuna wa kuidai. Mmeru anajibu swali la kwa nini sisi sote ni kitu kimoja. Mwembu anajibu swali la shamba hili ni la nani. Kila mmoja ameacha nje kile ambacho kingevuruga jibu lake.

Uhamaji uliojaza mlima kwa kweli ulikuwa wa hatua fupi, na hakuna aliyeuimba. Vijana walifyeka ukingo wa msitu juu ya mashamba ya baba zao, kwa sababu aliyefyeka ndiye aliyemiliki, na asiye na shamba hakuoa. Mvua ilipokosa kule chini Mbeere na Tharaka, watu walipanda juu na mbuzi wao kubadilisha kwa nafaka, na baadhi hawakurudi. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 na njaa iliyofuata mwishoni mwa muongo huo zilisukuma familia huku na huko kote Mlima Kenya. Mtu alihamia kwa mjomba, au kwa mkwe, au kwa rafiki wa kiapo. Kizazi cha tatu kilishajiita wenyeji.

Kisha wakaja Waingereza wenyewe. Embu ilipigwa vita 1906, na Meru ikapata boma lake 1908. Waliohamia kulima, mbali na maofisa, walifika zaidi upande wa Timau na Nanyuki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 serikali iliwagawia askari wa zamani mashamba kwa kura iliyopigwa Nairobi na London. Ukiwauliza kwa nini walikuja, jibu lililozoeleka katika vitabu vyao ni hewa safi, upana wa nchi, na ardhi tupu. Sababu za chini yake ni zile zile za karne ya 17: ofisa mdogo ametoka vitani, kazi hakuna, bei za vitu zimepanda, na shamba lisilonunulika Suffolk linapatikana hapa kwa hati ya miaka 999 chini ya sheria ya ardhi ya 1915. Utupu nao ulikuwa umetengenezwa. Wamaasai wa Laikipia walikuwa wamehamishwa kwa makubaliano ya 1911, na kuhamishwa huko kulikamilika miaka miwili tu baadaye.

Upande wa pili wa mambo hayo, kodi ya nyumba ilianza kumtoa mwanamume wa Embu na Meru kwenye boma lake kwenda kutafuta fedha katika mashamba ya Thika na katika mji wa Nairobi. Kipande, hati ya utambulisho ya kibarua, kilimfunga shingoni kuanzia 1920. Vita vile vya Kwanza vilimchukua kuwa mpagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Hata hivyo, jambo linalonivutia zaidi katika kipindi hiki ni kwamba watu wa miinuko hii hawakumwagika kwenda kuishi kama maskwota wa Bonde la Ufa kwa wingi ule wa Wakikuyu wa Kiambu. Sababu ya kwanza iko wazi: sehemu kubwa ya ardhi yao haikutwaliwa, kwa kuwa walowezi waliishia Timau. Ya pili ni kahawa. Katikati ya miaka ya 1930 serikali, ikipingwa na walowezi walioogopa magonjwa ya mimea, wizi na kupotea kwa vibarua, iliwaruhusu Waafrika kulima kahawa kwa majaribio katika maeneo machache yaliyokuwa mbali na mashamba ya wazungu: Kisii, Meru na Embu. Mtu mwenye miti michache ya kahawa inayolipa kodi na karo hana haraka ya kupanda lori. Ukitaka kujua kwa nini watu huhama, tazama pia pale waliposita, na hapo mara nyingi utakuta zao la biashara au shamba ambalo bado halijagawanywa.

Sasa limegawanywa. Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo cha Waafrika, ulileta hati za mashamba na kufungua mlango wa kahawa na chai kwa wengi, lakini hati haiongezi udongo. Shamba la ekari nane la babu limepita kwa wana wanne, na wajukuu wanagombania vipande vya kujenga nyumba. Ndiyo maana leo vijana wa Igembe wamesambaa nchi nzima wakiuza miraa, na wa Mbeere wakiuza muguka, hadi Lamu na Mombasa. Naona utani wa historia hapo, watu wa Mbwaa wakirudi pwani na miraa yao, na muguka wa majirani zao ukiwa ndio magavana wa pwani walijaribu kuupiga marufuku mwezi Mei 2024. Uingereza ilishaifungia miraa mlango tangu 2014, na mji wa Maua huko Igembe ukaumia.

Wengine wanavuka maji kabisa. Chogoria, Maua na Nkubu zina hospitali za misheni zenye vyuo vya uuguzi, na mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wauguzi huko. Ghuba inachukua wafanyakazi wa nyumbani, walinzi na madereva. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya wote walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, zaidi ya kile nchi inachopata kwa chai au kwa maua. Siku ya kumuaga anayesafiri, mchungaji husema kijana anakwenda kutafuta maisha, na watu hutoa mchango. Hakuna anayesimama kusema kwamba kuna kesi ya mpaka na baba mdogo, au kwamba bili ya hospitali ya mama ilikula ng'ombe wote, au kwamba ndoa imevunjika.

Tofauti kati ya wasafiri hao ni ile ile iliyokuwapo bandarini London. Muuguzi anayekwenda Uingereza amesoma, na nyuma yake kuna familia yenye kitu: bonasi ya majani chai ya Rukuriri au Kionyo, mkopo wa sacco, kipande cha shamba cha kuuza. Huyu analipia mtihani wa lugha na visa, na baada ya muda huenda akawachukua mume na watoto, kama familia za New England. Anayekwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani kwa kawaida hana cha kuuza. Nauli inatolewa na mwajiri au wakala, naye anaingia mkataba wa miaka miwili chini ya kafala, ambamo ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri mmoja. Ni mkataba wa Virginia uliofupishwa, ingawa huyu ana simu, na ubalozi upo hata kama uko mbali. Maskini kupita wote haondoki. Hakuna wakala anayemfikia, wala hana kitambulisho kilicho sawa cha kuombea pasipoti.

Jambo moja lingewashangaza wazee wa Mbwaa. Majina yanayotajwa katika kuvuka kule ni ya wanaume. Walowezi wa kwanza wa Virginia nao walikuwa wanaume kwa wingi mkubwa. Lakini wanaotoka Kiritiri, Marimanti au Laare kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani ni wanawake, na mara nyingi wameacha watoto kwa nyanya yao. Sheria ya urithi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, inampa binti haki sawa na kaka zake, na Katiba ya 2010 imeitilia nguvu. Katika vikao vya familia mambo huenda vingine: kaka wanagawana, dada anaambiwa ataolewa, na akirudi kutoka kwenye ndoa anaonyeshwa chumba nyuma ya nyumba ya mama. Mwanamke wa namna hiyo hakukimbia bwana wa nguo nyekundu. Ameondoka kwenye shamba ambalo halikuwa na jina lake, na kwa mshahara wa Riyadh analipa karo kwanza, kisha, akibakiza, ananunua ploti ya futi 50 kwa 100 nje ya mji wa Embu au Meru, mbali na boma la kaka zake, yenye hati ya jina lake mwenyewe.